Furaha ya ndani inalimwa: neno kwa wasomi wenzangu wanaongoja kazi



Leo tuongelee furaha. Najua kuna mwenye atasema: "Furaha? Mu hii nchi? Mutupatie kwanza kazi." Nakusikia, ndugu yangu, na hilo neno sitaliruka. Mimi pia ni mtoto wa hapa. Niko na miaka 28, nilimaliza lisansi ya agronomia, nalima kishamba cha kukodi upande wa Kabare, nauzisha lengalenga na maharagi Bukavu huku naendelea kuweka dosye zangu kila ofri inapotoka. Kwa hiyo haya si mahubiri ya mtu aliyeshiba.

Neno langu ni moja: furaha ya kweli inalimwa ndani ya mtu, kwa imani na kwa mawazo anayochagua kuyatunza. Na sababu inalimwa, iko na kanuni zake sawa vile kilimo chochote. Nitajaribu kuzieleza pole pole, kwa lugha ya shamba, juu ndiyo lugha niliyosomea.

Kwa nini furaha ya nje haikai

Tuanze na hesabu tunayoijua wote. Mtoto wa sekondari anasema: "Nitafurahi siku nitapata diploma ya Serikali." Anaipata, wanamumwangia poda nyeupe mu kichwa, mutaa wote unaimba. Miezi miwili baadaye: "Nitafurahi siku nitamaliza iniversite." Anatetea memwari yake, anavaa toga, familia inapika kuku, picha zinajaa mu simu. Wiki ya pili toga imerudishwa kwa mwenyewe, na majirani wanaanza ile swali: "Sasa uko nafanya nini?" Basi furaha inasogezwa mbele tena: siku ya kontra. Halafu siku ya ndoa. Halafu siku ya kununua parsele. Kila mara tunafika, na kila mara tunakuta alama imehamishwa.

Jambo hilo si la Wakongomani peke yetu. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani walilinganisha watu 22 waliokuwa wameshinda bahati nasibu ya jimbo la Illinois na majirani zao ambao hawakushinda kitu. Mtu angetegemea kuona tofauti kubwa. Waliokuta ni kwamba washindi hawakuwa na furaha iliyozidi sana ya wengine, na tena mambo madogo ya kila siku, kama kuongea na rafiki au kula asubuhi, yalikuwa yanawapa raha kidogo kuliko wenzao. Moyo ulizoea. Sisi binadamu tumeumbwa hivyo: kitu kipya kinatuangaza siku chache, halafu kinakuwa sehemu ya ukuta.

Kuna na upande wa pili, ambao sisi watu wa Kivu tuliuona kwa macho yetu. Mwanzoni mwa 2025 misaada ya Marekani ilisimamishwa, na proje nyingi za ONG zikafungwa. Wakati uleule vita ilifika Goma, halafu Bukavu, na benki zikafunga milango. Wenzetu waliokuwa na kontra, na baji shingoni, na mshahara wa dola, kwa majuma machache walirudi kwenye mstari wetu. Hawakufanya kosa lolote. Mambo ya nje yalibadilika tu, sawa vile yanavyobadilika siku zote. Mwenye alikuwa ametundika furaha yake yote kwenye baji, siku baji ilipoanguka na yeye alianguka nayo. Baji si kitu kibaya, hata mimi naitafuta. Lakini huo msumari ni mdogo kwa uzito tunaoutundika juu yake.

Udongo kwanza, mbolea baadaye

Wale waliotembea Walungu na Kabare wanaujua ule udongo mwekundu wa milima. Wakulima wanasema: "udongo umechoka." Sehemu nyingi ni udongo wenye asidi. Unaweza kununua mbolea ya fosfore kwa bei kali, ukaitia yote, na bado maharagi yakabaki mafupi. Watu wanafikiri mbolea ilikuwa ya uongo. Mara nyingi mbolea ilikuwa nzuri, na tena haijaenda popote, iko pale pale chini. Ila mu udongo wenye asidi, alumini na chuma vinaishika fosfore na kuifunga, mizizi inabaki na njaa kando ya chakula. Dawa yake ni kutengeneza udongo wenyewe: chokaa kidogo ya kupunguza asidi, samadi, mboji, majani yaliyooza. Ni kazi ya misimu kadhaa. Lakini udongo ukishapona, hata mbolea kidogo inaonekana mu mavuno, na mvua inayonyesha inashikwa badala ya kukimbilia mtoni.

Moyo wa mtu ni vile. Kuna mwenye anapata kazi, na ile kazi inamuletea wivu tu juu mwenzake analipwa zaidi. Anapata mchumba, anaishi na hofu ya kuachwa. Anapata afya njema miaka yote na hajaiona hata siku moja. Baraka ziliingia kweli, udongo ulizifunga. Na kuna mama mmoja anauzisha sombe kando yangu sokoni, hana hata nusu ya vitu tunavyovililia, lakini mvua ikinyesha kidogo tu kwake inashikwa: mteja mmoja, habari njema ya mtoto, wimbo wa kanisani. Shida zake nazijua, ni nyingi. Ila udongo wake uko na mboji.

Basi ninaposema "furaha ya ndani", namaanisha hali ya udongo. Raha ni mvua: inakuja, inaenda. Furaha ni ule uwezo wa kushika.

Paulo alijifunza

Kama unataka kuona hii mu Biblia, soma barua ya Paulo kwa Wafilipi. Ni fupi, sura 4 tu. Utaimaliza kwa muda wa chai. Iliandikwa na mtu aliye mu minyororo, hajui kama ataachiliwa ao atauawa. Na bado ndani yake neno furaha linarudi zaidi ya mara 10. Aliowaandikia walimjua vizuri: ni mu muji huohuo wa Filipi alipigwa, akafungwa pamoja na Sila, na usiku wa manane wafungwa wengine wakawasikia wanaomba na kuimba.

Mambo matatu ya hiyo barua yanafaa msomi asiyekuwa na kazi.

La kwanza, mu sura ya 4 Paulo anasema kuridhika ni kitu alichojifunza. Hakuzaliwa nacho, na hakuwekewa mikono siku moja kikashuka. Alijifunza kuishi na vingi na kuishi na vichache. Sisi tuliosoma tunajua kujifunza ni nini: kurudia, kukosa, kurudia tena. Kama mtume alipita kwenye hiyo kalasi, usishangae wewe pia uko ndani yake.

La pili, furaha yake haikufukuza huzuni. Anaongea wazi juu ya Epafrodito, mwenzake aliyegonjwa karibu kufa, na namna kifo chake kingemuongezea huzuni juu ya huzuni. Mtu huyohuyo, barua hiyohiyo. Kwa hiyo mwenye kukuambia kwamba Mkristo wa kweli halii, muambie asome Wafilipi, na akimaliza asome namna Yesu mwenyewe alilia kwenye kaburi la Lazaro.

La tatu, Paulo anawashukuru Wafilipi kwa feza na vitu walivyomutumia. Furaha ya ndani haikumfanya aseme "mimi sina haja ya kitu". Alipokea musaada, akashukuru, ila hakuukabidhi moyo wake.

Na mu sura hiyohiyo anatoa kazi ya nyumbani: anataja aina ya mambo ambayo msomaji ayafikirie, mambo ya kweli, ya haki, safi, ya kupendeza, yenye sifa njema. Angalia anapoanzia: kweli. Haambii watu wajidanganye kwamba yote ni sawa. Anawaambia wachague mahali pa kuweka akili yao. Hapo ndipo imani inakutana na mawazo.

Wazo ni mbegu, na mbegu mbaya zimo tayari

Mu kila shamba kuna mbegu za majani mabaya zilizolala chini ya udongo. Zingine zinaweza kukaa miaka mingi. Ukilima, unazipandisha juu, zinaona mwanga, zinaota. Mkulima mwenye akili hashangai na hajilaumu kuona majani mabaya. Anachokiangalia ni wakati: maharagi yanataka palizi ya mapema, mu majuma ya kwanza. Ukingoja mpaka majani yafunike maharagi, hata ukipalilia mpaka jioni, mavuno yameshapungua.

Mawazo mabaya ni vile. Wazo kama "mimi sina maana" halijaombwa, limeota lenyewe: kutoka neno la mwalimu wa zamani, kutoka umaskini wa nyumbani, kutoka milio ya bunduki tuliyokua nayo. Kuota kwake si dhambi. Kazi yetu ni palizi. Na Yesu, mu mfano wa mpanzi, aliongea juu ya udongo wa aina nne. Ule wa miiba alieleza ni mtu ambaye mahangaiko ya dunia na udanganyifu wa mali vinalisonga neno ndani yake. Mbegu ilikuwa nzuri. Hakuna mwenye alipalilia.

Tuchukue mufano unaotupata wengi. Ni saa sita ya mchana. Umelala kitandani, koneksio iko nzuri, unafungua stati. Mwenzako wa promosio yuko uwanja wa ndege na valizi mbili. Mara moja kifua kinakuwa kizito. Dosye uliyotaka kuweka leo unaiacha. Tunafikiri picha ndiyo imeleta uzito. Lakini rudi nyuma pole pole: kati ya picha na uzito kulipita sentensi, mbio sana: "Mimi nimebaki nyuma, Mungu amenisahau." Ile sentensi ndiyo ilikuuma. Picha peke yake ni mtu na valizi.

Daktari mmoja wa Marekani, Aaron Beck, mu miaka ya 1960, ndiye alianza kufundisha wagonjwa wake kuzikamata hizo sentensi, kuziandika na kuzipima kama ni kweli. Hiyo njia inatumiwa leo mu hospitali nyingi za dunia. Lakini Kanisa lilijua jambo hilo zamani. Mu jangwa la Misri aliishi mutawa mmoja aitwaye Evagrio, aliyekufa mwaka 399. Aliandika juu ya aina nane za mawazo yanayomsumbua mtu. Moja ni huzuni. Lingine ni uvivu wa moyo, ambao alisema unakuja mchana kati: jua linaonekana halisogei, siku inakuwa sawa vile ya masaa 50, mutawa anachungulia dirishani, anachukia mahali alipo, anafikiri pengine popote pangekuwa bora. Niambieni kama huyu hakumujua msomi asiyekuwa na kazi! Na dawa yake? Alikusanya kitabu kizima, chenye majibu karibu 500 kutoka Biblia, jibu kwa kila aina ya wazo. Aliamini wazo linajibiwa, halinyamaziwi.

Hata mu Zaburi ya 42, mwimbaji anaigeukia nafsi yake mwenyewe na kuiuliza sababu ya kuinama kwake. Siku nyingi sisi tunasikiliza tu nafsi yetu inavyolalamika. Yeye aliiongelesha.

Kazi ya kila siku

Sasa tushike jembe. Nitataja mazoezi manne ambayo mimi mwenyewe nayafanya. Hayahitaji mega, hayahitaji franga.

1. Dakika kumi kabla ya simu. Asubuhi, kabla ya kufungua data, kaa. Pumua pole pole. Soma mistari michache tu ya Biblia, kwa sauti ya chini, halafu irudie. Kuna ndugu wanaogopa wakisikia "kutafakari", wanafikiri ni mambo ya dini za Asia. Zaburi ya 1 inamsifu mtu anayetafakari sheria ya Mungu usiku na mchana, na neno la Kiebrania lililotumiwa pale maana yake ni kunong'ona, kujisemesha kwa sauti ndogo. Watawa wa zamani waliita hiyo kazi kucheua. Ng'ombe anakula majani mbio mbio, halafu analala kivulini na kuyarudisha mdomoni, anayatafuna upya. Bila hiyo hapati nguvu, hata kama tumbo limejaa. Sisi tunameza stati 200 kwa siku, mahubiri matano ya YouTube, habari za vita, na hatucheui hata kimoja. Tumbo limejaa, mwili hauna nguvu.

2. Palizi ya mchana. Uzito ukija, usikimbie kwanza. Jiulize: "Ni sentensi gani imepita?" Iandike kama ilivyo. Kisha maswali matatu. Je, ni kweli? Je, ni kweli yote, ao kuna sehemu nimeiacha? Na je, mdogo wangu angeniletea wazo hili, ningemjibu nini? Kwa ile ya uwanja wa ndege: ni kweli mwenzangu amesafiri. Si kweli kwamba wote wamesafiri. Promosio yetu wengi tuko hapa. Na "Mungu amenisahau" ni jambo ambalo sikuliona kwenye picha, nimeliongeza mwenyewe. Nikimaliza naligeuza kuwa sala, bila maneno makubwa: "Baba, hii picha imeniuma. Na mimi natamani kazi. Nisaidie nifurahi pamoja naye, na unionyeshe kazi ya leo." Wakati mwingine uzito unabaki. Lakini umekuwa uzito wenye jina, na mtu mwingine anaushika upande wa pili.

3. Kuwa pale ulipo. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Harvard, Killingsworth na Gilbert, walichapisha utafiti walioufanya kwa njia ya simu. Waliwauliza watu 2250, saa yoyote ya siku: unafanya nini, akili yako iko wapi, unajisikia namna gani? Karibu nusu ya mara zote akili ilikuwa mahali pengine, na watu walikuwa na furaha kidogo wakati akili imetembea kuliko wakati iko kwenye kazi, hata kama kazi yenyewe haipendezi. Mu shamba hii ni wazi. Ukipalilia na mawazo yako yako Kinshasa, jembe linakata mche. Mimi nikiwa kwenye mstari wa lengalenga, najirudisha: hii mikono, hii harufu ya udongo, huu mche. Lengalenga inavunwa baada ya majuma matatu ao manne hivi, na kuiharakisha haiwezekani. Na Yesu alipofundisha kwamba kila siku iko na shida zake za kuitosha, alikuwa anatuondolea mzigo wa kesho ili tuwe na mikono ya leo.

4. Shukrani ya jioni, yenye majina. Mwaka 2003 Emmons na McCullough, watafiti wa Marekani, walitoa matokeo yao: kundi moja waliandika mara moja kwa juma, kwa majuma 10, mambo mpaka matano ya kushukuru, kundi lingine waliandika mambo yaliyowakasirisha. Waliokuwa wanashukuru walijisikia vizuri zaidi juu ya maisha yao. Lakini shukrani ya jumla jumla haioti. "Asante Mungu kwa yote" ni mbegu iliyotupwa juu ya mawe. Sema: asante kwa sambaza za leo, asante kwa yule motari aliyenibeba na kunidai kesho, asante mvua haikung'oa mistari. Ukitafuta mambo matatu kila jioni, mchana macho yanaanza kuyatafuta yenyewe.

Na neno juu ya watu. "Ndani" haina maana ya peke yako. Utafiti mmoja wa Harvard ulianza mwaka 1938 ukafuata maisha ya watu kwa miaka zaidi ya 80, na jambo lililoonekana tena na tena ni kwamba mahusiano mazuri na watu yanalinda furaha na afya. Korali, kikundi cha sala, likelemba, hata wale marafiki watatu wa kunywa chai: ni sehemu ya mboji. Msomi asiyekuwa na kazi anajificha juu ya haya, ya kuogopa lile swali la "uko nafanya nini?" Basi tulibadilishe sisi wenyewe. Tukikutana, tuulizane: "Uko nalima nini siku hizi?" ao "Nikusaidie wapi?"

Maswali mnayoniuliza

"Hii si ndiyo njia ya kutulaza, ili tukubali maonevu?" Swali zuri, na ningelichukia somo langu kama jibu lingekuwa ndiyo. Angalieni hapa hapa Bukavu. Daktari Denis Mukwege ni mtoto wa pasta, na yeye mwenyewe ni pasta. Alianzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999, akapewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018. Imani yake haikumfanya anyamaze juu ya mateso ya wamama wa Kivu. Ndiyo ilimpa nguvu ya kuyasema mbele ya wakubwa wa dunia na kurudi tena mu chumba cha upasuaji. Mtu mwenye moyo umechoka hapigani muda mrefu. Anapiga kelele siku moja, halafu anauza kura yake kwa sukari na chumvi. Mwenye furaha ya ndani ni vigumu kumnunua, juu hana njaa ya moyoni.

"Nyuma ya hayo yote, mtu mwenye njaa atafurahi namna gani?" Soma habari ya Eliya mu kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii mkubwa, anamkimbia Yezebeli, anakaa chini ya mti na kuomba afe. Mungu hakumtumia mahubiri. Alimwacha alale. Malaika akamuamsha, akamuonyesha mkate na maji. Akala, akalala tena, akaamshwa, akala mara ya pili. Ndiyo baadaye, mbali, mlimani, akasikia sauti: haikuwa mu upepo mkali, wala tetemeko, wala moto, ilikuja pole pole. Usingizi, chakula, halafu maneno. Basi ukimkuta ndugu amevunjika, usianze na mistari ya Biblia. Anza na bugali.

"Na kama nimefanya yote hayo na giza halitoki?" Hapa naomba musome vizuri. Kuna huzuni, na kuna ugonjwa. Kama majuma mawili yanapita hulali, huli, hakuna kitu kinachokupendeza, ao mawazo ya kujiua yanakuja, huo ni ugonjwa, sawa vile malaria, na hautibiwi kwa kulaumiwa imani. Uambie mtu leo, usingoje kesho. Nenda kwenye kituo cha afya, uombe kuonana na mwenye kushugulika na magonjwa ya akili. Hapa Bukavu kuna SOSAME, na haikujengwa kwa ajili ya wale tunaowaita wazimu peke yao. Mkulima akiona ugonjwa umeshinda shamba lake anamuita mwenye ujuzi, na hakuna anayesema hamuamini Mungu wa mvua. Tumeshazika vijana wengi sana mu hii miaka kwa risasi na kwa magonjwa. Tusizike na wale ambao neno moja ao kidonge kimoja kingewabakisha.

Tuanzie wapi

Msichukue yote kwa siku moja. Mu agronomia hatubadilishi kila kitu kwa msimu mmoja, juu hatutajua ni nini kilichosaidia. Chagua zoezi moja kati ya yale manne, lifanye siku saba, saa ileile, mahali palepale. Kama utaruka siku moja, endelea kesho yake bila kujihukumu. Mvua nayo inaruka siku. Baada ya siku saba jiulize, si kama maisha yamebadilika, ila kama unashika kidogo zaidi ya vile ulivyokuwa unashika: neno zuri la mama, chai ya moto, wimbo.

Na dosye tuendelee kuziweka. Ofri itoke, tuandike barua safi, tuvae shati iliyopigwa pasi, twende. Kazi ikija, tuipokee kwa mikono miwili kama Paulo alivyopokea zawadi ya Wafilipi. Ikichelewa, itukute tunaishi.

Mungu awape moyo wenye mboji. Tuko pamoja.